Kibanio cha Mabawa ya Katoni
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Malaba na Busia)

Tumepewa nafasi ya kusema juu ya kitu kidogo, kibanio cha waya, na tumesikia wengine wakicheka pale nyuma. Chekeni, lakini sikilizeni, maana jambo hili linahusu unga wa nyumbani mwetu.

Katoni mnaijua. Juu ina mabawa manne: mawili ya ndani hutangulia kulala, na mawili ya nje huja juu yake yakakutana katikati. Kiwandani huyafunga kwa gundi au kwa utepe, wakidhani yatafunguliwa dukani. Hawakufikiri juu ya mpaka. Hapa kwetu katoni hufunguliwa njiani. Kabla ya mwaka 1977, reli ilipokuwa moja kwa nchi zote tatu, behewa lilipita Malaba likaenda Tororo na Kampala katika mikono ya shirika lile lile. Siku hizi kuna karatasi nyingi zaidi. Ni kweli kwamba Busia ilifunguliwa kituo kimoja cha forodha mwezi wa Februari 2018, na maofisa wa nchi mbili hukagua mahali pamoja, nasi twashukuru. Lakini mzigo ukichaguliwa kukaguliwa, katoni hupasuliwa utepe vile vile.

Na ikisha kupasuliwa? Twayasuka mabawa, moja chini ya jingine, mpaka yashikane. Hapo ndipo maradhi yaanzapo. Ndani ya ukuta wa katoni mna karatasi iliyokunjwa kama mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo nguvu yake. Kusuka mabawa ni kuyavunja mawimbi, nayo yakisha kuvunjika hayainuki tena. Mvua ya alasiri ikiongeza unyevu, mabawa hulegea, mdomo hubaki wazi, na katoni hupita mikononi mwa watu wanne, mara juu ya lori, mara juu ya zile baisikeli za boda boda ambazo jina lake lilitoka mpaka huu wetu.

Mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa sababu ya miche mitatu ya sabuni. Ofisi iliyomkata hatuitaji jina. Katoni ilifika imefunguka, naye ndiye wa mwisho aliyeonekana ameibeba. Aliibeba kwa mikono miwili. Twauliza, mkono wa tatu wa kuchukua sabuni aliutoa wapi? Hakuna aliyejibu, na fedha haikurudi.

Basi tukakaa chini tukafikiri. Kwanza tulitaka vibanio vya namna mbili: kimoja cha kuyazuia mabawa yasirudi usoni mwa mkaguzi na mhesabu, kingine cha kuyafunga baadaye. Lakini tukapima, na kipimo kikatuambia neno zuri. Katoni ya kawaida ina unene wa milimita nne hivi. Bawa likikunjwa kwa nje likalazwa juu ya ukuta, ni milimita nne na nne, yaani nane. Bawa la nje likilala juu ya la ndani, ni nane vile vile. Hesabu hii tuliifundishwa misheni, ya kujumlisha tu, nayo ilituonyesha kwamba kibanio kimoja chatosha kwa kazi zote mbili.

Chukueni waya wa milimita mbili na nusu, wenye ugumu wa kurudi ukipindwa kidogo. Ule laini wa kufungia nondo haufai. Kateni sentimita 32. Ncha moja ikunjeni kwa koleo iwe duara dogo, isikwaruze bidhaa wala kidole. Acheni ulimi ulionyooka wa sentimita nane. Hapo pindeni waya kwenda juu milimita saba, kisha urudisheni juu ya ulimi, uende kwa mshazari sentimita sita, ukate kwa upana sentimita tano, urudi sentimita sita mpaka shingoni, na mwisho wake ujifunge hapo. Mtapata kitu chenye ulimi mwembamba chini na pembe tatu pana juu. Ncha ya ulimi iinameni kidogo kwenda nje, ili iingie bila kurarua. Shingo ni saba wala si nane, kwa sababu lazima kibane. Lakini mkiifanya tano, kitaponda yale mawimbi tunayotaka kuyaokoa.

Katoni ikiwa wazi, ulimi huingia ndani ya ukuta na pembe tatu hukaa nje juu ya bawa. Vibanio vinne, mabawa manne, na hakuna mtu wa kushika. Wakati wa kufunga, lazeni mabawa ya ndani, kisha ya nje. Inueni kidogo pale yanapokutana, piteni na ulimi katika ule ufa, uingie chini ya bawa la ndani, na pembe tatu ikae juu ya mabawa yote mawili ya nje. Fanyeni hivyo upande wa pili. Bawa la nje lataka kuinuka upande mmoja, la ndani lataka kuinuka upande mwingine, nalo kila moja lamzuia mwenziwe. Hatukusuka kitu wala kuvunja kitu.

Kwa katoni zenye kuta mbili, shingo ni lazima iwe pana karibu mara mbili, na hivyo tumevipaka rangi nyekundu visichanganywe. Kibanio hiki si muhuri wa forodha, wala si mpini: mtu asiinue katoni kwa kibanio. Ni cha muda ule kati ya kupasua utepe na kubandika mpya, ambao ndio muda vitu vinapopotea.

Watu wa reli wasituambie kwamba mambo ya katoni si yetu. Katoni iliyokatwa na kutiwa mikunjo ya kukunjia tayari ilitokana na Robert Gair wa Brooklyn mwaka 1879, na kwa miaka mingi makampuni ya reli ya Marekani yaliidharau, yakatoza nauli kubwa kuliko ya makasha ya mbao, mpaka mwaka 1914 yaliposhindwa katika shauri la Pridham. Ule muhuri wa mviringo mnaouona juu ya katoni nyingi huonyesha nguvu za karatasi yake. Lakini nguvu hizo hupimwa karatasi ikiwa kavu na nzima. Haisemi neno juu ya bawa lililokunjwa mara tatu katika mvua ya Busia.

Sasa lililo zito. Msimamizi mmoja alipokiona kibanio alifurahi sana, akasema, ‘Vizuri, basi penye watu wawili atatosha mmoja.’ Ndugu, hatukupinda waya ili kibarua apoteze siku yake. Yule mtu wa pili alikuwa akishika mabawa kwa sababu hakuna kitu kingine cha kuyashika. Mikono yake ikiwa huru, ashike kalamu. Ahesabu kilichomo mbele ya mkaguzi, aandike katika daftari, karani atie sahihi, ndipo katoni ifungwe na kubanwa. Mzigo ukipungua baadaye, daftari litaonyesha ulipungua baada ya mkono gani.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo mawili yaende ofisini pamoja, kibanio na daftari, na pasipo daftari kibanio kisitolewe. Kamati ikakutane na wakubwa ikiwa na katoni yenyewe, si maneno matupu. Vibanio kumi na viwili viko hapa mezani. Walio zamu ya usiku wavichukue, na kitakachovunjika kirudishwe na vipande vyake, tuone kimevunjikia wapi.