Damu ya Mama na Damu ya Mtoto
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanachama, Olkaria



Nimeombwa niseme juu ya jambo livunjalo nyumba bila kelele. Mke huzaa mtoto wa kwanza mwenye afya. Wa pili hufia tumboni, au huzaliwa amepungukiwa na damu, macho yake ya manjano. Na wa tatu vivyo hivyo. Hapo majirani hutaja uchawi, na mume huambiwa na ndugu zake atafute mke mwingine. Lakini huenda sababu imo katika damu, tena hutokana na mume sawasawa na mke.

Kila mtu ana kundi lake la damu, A, B, AB au O, na kando yake alama ya Rh, chanya au hasi. Katika Kenya wenye hasi ni wachache, kama wanne au watano katika kila mia, na kuwa hasi si ugonjwa. Shida huja mke akiwa hasi na mume chanya, maana mtoto aweza kurithi damu ya babaye. Wakati wa kuzaa, damu kidogo ya mtoto huingia katika damu ya mama, na mwili wa mama huiona kuwa ngeni, ukaunda kinga ya kuiharibu. Mtoto huyo amekwisha kutoka salama. Lakini kinga haisahau: katika mimba ijayo, mtoto akiwa chanya tena, hupenya kondo la nyuma na kuvunja chembe nyekundu za damu yake. Hata mimba iliyoharibika yaweza kuanzisha jambo hili, ingawa wengi hudhani mimba iliyotoka haina hesabu.

Dawa ipo tangu 1968, tunda la kazi ya matabibu wa Liverpool na New York. Ni sindano ya Anti-D, itengenezwayo kwa damu ya watu waliojitolea. Bwana James Harrison wa Australia, aliyefariki 2025, alijitolea mara 1,173 maishani mwake. Sindano hupigwa yapata wiki ya 28 ya mimba, na tena ndani ya saa 72 baada ya kuzaa, mtoto akipimwa na kuonekana chanya. Kinga ikiisha kujijenga, sindano haifai kitu. Hapo mama huhitaji mabingwa, na pengine mtoto huongezwa damu angali tumboni, kazi ambayo Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ilianza kuifanya 2018.

Sasa nije kwenye fedha. Sindano hii ni shilingi elfu kadhaa. Kibarua wa shamba la maua, au mchungaji ambaye mnada wake ni wiki ijayo, atazipata wapi kwa siku tatu? Chama chetu hutoa fedha za maziko siku ile ile, na ni vyema. Za matibabu hungoja kikao cha mwezi. Saa 72 hazingoji kikao.

Kwa hiyo napendekeza mweka hazina apewe ruhusa ya kulipia sindano hii mara aonyeshwapo kijitabu cha kliniki, kikao kiarifiwe baadaye. Nanyi akina baba, mke akiwa hasi, nendeni mkapimwe pia. Ukiwa hasi kama yeye, hofu hii haiwahusu. Wakunga wetu wa manyattani nawaomba wamwulize kila mama kundi lake mapema, wala wasingoje uchungu.

Bwana Mwenyekiti, naomba pendekezo hili lipigiwe kura leo, kabla ya hesabu za mwaka kufungwa.