Nanoteknolojia, Kutoka Kisimani Hadi Zahanati

Ukipita vijiji vilivyouzunguka Mlima Meru, mkoani Arusha, utakutana na watu wenye meno ya kahawia, na wengine wenye miguu iliyopinda. Hawakulogwa. Ni floraidi iliyozidi katika maji wanayokunywa, na kuyachemsha hakuiondoi.

Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi wa kemia katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, huko huko Arusha, alibuni chujio lenye mchanga na chembechembe zilizotengenezwa maalumu kunasa floraidi na uchafu mwingine. Mwaka 2015 lilimpatia tuzo ya ubunifu wa kihandisi barani Afrika, inayotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Alistahili.

Chembe hizo hupimwa kwa nanomita. Tazama milimita moja kwenye rula ya mwanafunzi: ndani yake mna nanomita 1,000,000. Nanoteknolojia hushughulika na vitu vya kati ya nanomita 1 na 100 hivi. Udogo huo una faida gani? Chukua mchemraba wa sentimita 1. Nyuso zake sita zina jumla ya sentimita za mraba 6. Ukatekate uwe michemraba ya nanomita 1, jumla ya nyuso itafika mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa mpira. Uchafu hunasa kwenye uso, kwa hiyo chembe kiduchu hunasa mwingi.

Udogo hubadilisha hata rangi. Dhahabu ya nanomita 40 huonekana nyekundu, na huenda umekwisha kuiona katika zahanati. Katika vipimo vingi vya haraka vya malaria, chembe za dhahabu zimebandikwa kingamwili zinazoitambua protini ya kimelea. Protini ikiwamo katika damu, hushikwa, kisha protini na chembe hukwama pamoja penye kingamwili nyingine. Chembe zikirundikana hapo, mstari mwekundu hutokea, bila hadubini wala umeme. Sioni nanoteknolojia iliyowafaa watu wa vijijini kuliko hii.

Basi ukipimwa, omba uonyeshwe kipimo. Mstari ulio penye herufi C huonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Huo wa C pamoja na mwingine, hata ukiwa hafifu, maana yake kipimo kimeonyesha malaria. C peke yake, malaria haikuonekana. C isipotokea kabisa, kipimo hicho ni kibovu. Omba upimwe kwa kingine.