Violezo vya Mifumo Endeshi na Vitabu vya Chama
(Mazungumzo na makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mei 2024 mafuriko yaliyofuatana na kimbunga Hidaya yaliikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, wilayani Kilwa. Nami nilijiuliza: kama kompyuta ya ofisi ingalikufa siku ile, fundi angalipita wapi? Ndiyo sababu nimeomba nafasi nizungumze juu ya violezo.

Kompyuta moja yenye nguvu yaweza kugawanywa kwa programu, kama vile Proxmox, ikabeba kompyuta pepe kadhaa. Kila moja ina mfumo endeshi wake, nayo haijui kuwa ina jirani. Jambo hili si geni. IBM waliitoa VM/370 mwaka 1972. Basi kompyuta pepe moja itunze leja za malipo ya korosho na ufuta, nyingine daftari la hisa.

Kuweka mfumo endeshi upya kila mara ni kazi ya saa nyingi, na mkono uliochoka husahau. Kwa kiolezo, kompyuta pepe moja hutayarishwa kwa makini: Linux au Windows, marekebisho ya usalama, saa ya Afrika Mashariki, programu ya hesabu. Kisha hufungwa isibadilishwe, na nakala zake hutolewa kwa dakika chache, kama matofali ya kalibu moja.

Lakini kalibu iliyopinda hupindisha matofali yote. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga kiolezo nikasahau kufuta neno la siri la kujaribia. Nakala sita zilikwisha kutolewa, na aliyelijua neno lile alikuwa na ufunguo wa zote, pamoja na malipo ya wakulima yaliyoandikwa humo. Hakuna kilichopotea, ila usiku ule sikulala.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga, fundi afute maneno ya siri, funguo za SSH na kitambulisho cha mashine. Katika Linux faili la machine-id liachwe tupu. Katika Windows itumike Sysprep. Nakala zenye kitambulisho kimoja zaweza hata kugombania anwani moja ya mtandao. Wala jina la mwanachama hata mmoja lisiingie humo.

Kiolezo huchakaa pia. Kifanyiwe marekebisho kila mwezi, hasa kabla ya minada ya korosho. Tena si akiba ya vitabu: hurudisha mashine, hakirudishi leja. Leja zinakiliwe kila jioni kwenye diski iliyo nje ya kompyuta hiyo.

Chama kidogo kisijitwishe gharama ya kompyuta kubwa. Hiyo ni kazi ya Chama Kikuu. Ninachoomba ni diski mbili zenye kiolezo kilichojaribiwa, moja Kilwa Masoko na moja Lindi, ili barabara ikikatika tena tuwe na pa kuanzia.