Ofisi Imo Mfukoni: Nani Alinde?
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa matawi)



Nimeombwa kusema juu ya usalama wa kazi kwa wenzetu wasiokaa ofisini. Nina maana ya wasoma mita, watu wa mauzo wanaozunguka madukani, watu wa mikopo, madereva wa malori, na wauguzi wanaokwenda nyumba kwa nyumba. Zamani ofisi ilikuwa na mlango na askari wa zamu. Siku hizi ofisi imo ndani ya simu, nayo simu imo mfukoni, katika matatu iliyojaa watu jioni. Askari wake ni nani? Ni wewe, na zamu hiyo hulipwi.

Wakubwa hupenda kusema kwamba mfanya kazi ndiye mlango mbovu. Tazameni jambo lililotokea Septemba 2022 katika kampuni ya Uber. Mwizi alipata neno la siri la mtu aliyefanya kazi huko kwa mkataba. Palikuwa na kufuli ya pili: mtu akijaribu kuingia, simu ya mwenyewe humwuliza kama ni yeye. Mwizi akajaribu tena na tena, na simu ikauliza tena na tena. Yule bwana alikataa mwanzoni, mwishowe akakubali mara moja. Ikatosha. Kosa ni la nani? Mimi nasema kufuli inayofunguka kwa kumchosha mtu ni kufuli mbaya, na aliyeiweka ndiye wa kuulizwa kwanza. Ziko bora: ile inayokutaka uandike namba iliyoonyeshwa kwenye kioo unachoingilia, au ufunguo mdogo wa kuchomeka.

Kwa hiyo tudai simu ya kazi ihesabiwe chombo cha kazi, sawa na buti na kofia ya chuma. Mwajiri ainunue na alipie intaneti. Akitaka utumie simu yako mwenyewe, mambo ya kazi yawekwe katika chumba chake peke yake. Simu nyingi za Android zaweza kugawanywa hivyo. Ikipotea, kampuni hufuta chumba cha kazi tu kutoka mbali, wala haigusi picha za watoto wako. Na pasiwe na programu ya kukufuata baada ya saa za kazi. Wazee wetu walivaa kipande shingoni. Hatutaki kipande kingine chenye betri. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yasema habari za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa wazi, wala zisizidi haja ya kusudi hilo.

Lakini na sisi tuna wajibu. Neno la siri ni sahihi yako. Najua ile desturi ya kumwambia mwenzako, "Nimechelewa, niingizie." Acheni! Fedha zikipotea, kompyuta itataja jina lililoingia, haitajua kwamba ulikuwa urafiki. Na mtu akikupigia akisema yeye ni wa ofisi ya kompyuta, anataka namba uliyotumiwa sasa hivi, kata simu. Kisha piga wewe, kwa namba unayoijua.

Simu ikiibwa, sema saa ile ile, hata usiku wa manane. Wengi hunyamaza siku mbili kwa kuogopa mshahara kukatwa, na hofu hiyo ndiyo humpa mwizi nafasi. Habari za wateja zikiingia mikononi mwa mwizi na kukawa na hatari ya kweli, mwajiri ana saa 72 tu, tangu ajue, kumwarifu Kamishna wa Data. Basi naye ana haja ya kuambiwa mapema. Tena Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, humruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi. Simu iliyonyakuliwa dirishani mwa matatu ina makusudi gani? Na kifungu cha 41 chataka mtu, kabla ya kufukuzwa kwa kosa, aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mwenzake au mjumbe wa chama. Usitie sahihi karatasi yo yote ya kukubali deni kabla mjumbe hajafika.

Nawaomba wajumbe mwandike, kabla ya mazungumzo yajayo ya mkataba, ni wangapi katika tawi lenu wanatumia simu zao wenyewe kwa kazi, na ni wangapi walikatwa mshahara kwa simu iliyoibwa. Karatasi zipelekwe kwa Katibu.