Kutia Dawa Fito na Nguzo

Leo tuzungumze juu ya fito na nguzo.

Mkulima hujenga banda la ng'ombe mwaka huu, na baada ya masika mawili au matatu nguzo zimekatika. Basi anachukua shoka, anarudi porini. Hasara ni mbili: jasho lake limepotea, na miti inazidi kupungua.

Je, mti huoza kwa nini? Mti hauozi kwa uzee, ndugu zangu, mti huliwa. Huliwa na kuvu, na mchwa, na wadudu wanaobungua. Kuvu haiwezi kuula mti mkavu, ule ambao maji yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wa mti wenyewe ukiwa mkavu. Nguzo hukatika usawa wa ardhi kwa kuwa hapo unyevu na hewa vimekutana.

Miti kama mninga na mvule ina kiini kigumu chenye dawa yake ya asili. Lakini fito changa za mkaratusi karibu zote ni ule mti mweupe ulio chini ya gome, nao ni chakula kitamu cha wadudu. Hizo ndizo za kutiwa dawa.

Dawa anayoweza kuitumia mkulima nyumbani ni chumvi za boroni. Pima kilo 3 za boraki na kilo 2 za asidi ya boriki, ukoroge katika lita 45 za maji ya moto mpaka ziyeyuke. Kata fito, zimenye gome, na uzitumbukize siku hiyo hiyo zikiwa mbichi. Usingoje zikauke, maana dawa husafiri ndani ya mti kwa kufuata maji yaliyomo. Ziache zizame wiki mbili. Kisha zipange pamoja, uzifunike vizuri kwa nailoni wiki mbili nyingine ili dawa izidi kuingia ndani. Mwisho zianike kivulini.

Vaa glavu. Watoto wasikaribie, na pipa hilo lisitumike tena kwa maji ya kunywa. Dawa iliyobaki usiimwage shambani, kwa sababu boroni ikizidi huunguza mimea.

Sasa sikilizeni sana hapa. Dawa hii ni ya mti ulio chini ya paa tu: kenchi, pau, fito za ukuta usiopigwa na mvua. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Nilipoanza kazi, nilimshauri mzee mmoja achimbie nguzo za namna hiyo kwenye uzio wa ndama. Masika ya pili mchwa walikuwa wamekwisha ingia. Akaniuliza, "Bwana shamba, dawa yako imekwenda wapi?" Nikamjibu, "Mzee wangu, mvua imeichukua." Ilinibidi nikamsaidie kuchimba mashimo upya.

Kwa nguzo ya kuchimbia ardhini, tumia kiini cha mti mgumu, au nunua nguzo iliyotiwa dawa kiwandani kwa mtambo wa kushindilia. Nyingi zina rangi ya kijani kwa sababu ya shaba iliyomo. Lakini katika dawa hiyo mara nyingi mna aseniki pia, nayo ni sumu kali. Kwa hiyo vipande vya nguzo hizo visiwe kuni. Moshi wake ni sumu, na majivu yake ni sumu. Wala usivitengenezee hori la kulishia mifugo. Mama anayeokota kipande cha nguzo ya zamani akakitia jikoni hana kosa kama hakuambiwa. Basi leo tumeambiana. Mwambie na jirani.

Kwa kifupi: chini ya paa, boroni, ardhini, kiini kigumu au nguzo ya kiwandani, na mti wenye dawa usiwe kuni.