Kazi ya Kiungo: Safari ya Victor Wanyama na Funzo kwa Timu za Wadi

*Hotuba kwa makocha, viongozi wa timu za wadi, wazazi na vijana, katika kufunga mafunzo ya usimamizi wa timu za mashinani.*

 

Muulize mtoto yeyote uwanjani anataka kuvaa jezi nambari ngapi. Atajibu tisa au kumi. Ni wachache watakaotaka sita. Sita ni kiungo mkabaji, yule anayesimama mbele ya mabeki, ananyang'anya mpira, anautuliza na kuwapa wenzake. Mashabiki hawamwimbi sana. Siku asipokuwepo ndipo timu nzima hujua alikuwa akifanya nini. Kenya imemtoa mmoja wa kazi hiyo aliyefika mbali, naye ni Victor Mugubi Wanyama.

Wanyama alizaliwa Nairobi tarehe 25 Juni 1991, akakulia mtaa wa Muthurwa. Baba yake, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards. Kaka yake, McDonald Mariga, alitangulia Ulaya na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa, akiwa na Inter Milan. Kwa hiyo kijana huyu hakuanzia gizani. Nyumbani kulikuwa na watu waliojua kwamba kandanda ni kazi na ina saa zake za kuamka.

Hata hivyo, njia haikunyooka. Mwaka 2007 alimfuata kaka yake katika klabu ya Helsingborg, Sweden. Mariga alipohamia Italia, Victor alirudi Nairobi. Vijana wengi wakirudi kutoka ng'ambo huona aibu na kuacha mpira. Yeye aliendelea kucheza, na mwaka 2008 akapata nafasi Ubelgiji, katika klabu ya Germinal Beerschot. Alikaa huko misimu mitatu akijifunza kazi, mbali na kamera.

Mwaka 2011 Celtic ya Scotland ilimnunua kwa takriban pauni 900,000. Aliomba jezi nambari 67, kwa heshima ya kikosi cha Celtic kilichotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967. Tarehe 7 Novemba 2012 Barcelona ilikuja Glasgow. Wageni walikaa na mpira karibu mechi nzima. Dakika ya 21 ilipigwa kona, Wanyama akaruka na kufunga kwa kichwa. Celtic ilishinda 2-1, naye akawa Mkenya wa kwanza kufunga bao katika Ligi ya Mabingwa.

Miezi michache baadaye, Julai 2013, Southampton ililipa pauni milioni 12.5 kumpata, na akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka 2016 alijiunga na Tottenham. Msimu wake wa kwanza huko alicheza mechi 36 za ligi kati ya 38, na timu ikamaliza ya pili.

Kisha goti likaanza kumsumbua. Hapa vijana wasikilize vizuri. Mei 2019 Tottenham ilikuwa Amsterdam kucheza na Ajax, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Wanyama alianza mechi hiyo. Kufikia mapumziko timu yake ilikuwa nyuma kwa mabao mawili, naye akatolewa ili mshambuliaji aingie. Wenzake walifunga matatu wakafuzu. Fainali aliitazama akiwa benchi. Mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi, na siku kubwa kuliko zote akaketi pembeni. Asiyeweza kulibeba hilo hataweza kudumu katika soka la kulipwa.

Mwezi huohuo wa fainali, Juni 2019, aliongoza Harambee Stars kama nahodha katika Kombe la Afrika kule Misri, mara ya kwanza kwa Kenya kufika huko tangu 2004. Stars walitoka nyuma mara mbili wakaishinda Tanzania 3-2. Mwaka 2020 alihamia Montreal, Canada. Mwaka 2021 alistaafu kuchezea taifa, baada ya zaidi ya mechi 60.

Sasa tuirudishe hadithi hii hapa kwetu, kwa sababu haikusimuliwa ili watu wapige makofi tu.

Kwanza, daftari. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Asilimia 5 ya pauni milioni 12.5 ni pauni 625,000. Kwa bei kama hiyo, mwaka mmoja wa kumlea mchezaji akiwa na miaka 17 unaweza kustahili pauni 62,500. Fedha hizo hazifuati maneno wala kumbukumbu za kocha mzee. Zinafuata usajili. Timu ya wadi isiyosajiliwa na shirikisho, isiyoandika nani alijiunga lini na akaondoka lini, haitakuwa na la kuonyesha siku kijana wake atakaponunuliwa.

Pili, vyeti. Mzazi amchukulie mtoto cheti cha kuzaliwa mapema, na kocha asipunguze umri wa mchezaji ili ashinde kombe la wikendi. Uongo huo humngoja kijana kwenye uwanja wa ndege.

Tatu, mawakala. Wakala wa kweli ana leseni na hulipwa kutokana na mkataba. Anayemwambia mama auze ng'ombe ndipo mtoto apelekwe majaribio aonyeshe leseni kwanza, na karatasi zake zisomwe na mtu anayezielewa.

Nne, timu ya taifa. Mwaka 2010 Mariga alikaribia kujiunga na Manchester City, lakini ombi lake la kibali cha kazi likakataliwa kwa kuwa Kenya haikuwa miongoni mwa nchi 70 bora katika orodha ya FIFA. Mchezaji alikuwa hodari, ila soka la nchi yake halikumbeba. Soka hilo hujengwa mashinani, katika viwanja kama vyetu.

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti michezo na vifaa vyake. Kwa hiyo uwanja wa wadi ni mali ya umma kama zahanati. Ukiona mtu anapima kiwanja cha watoto kwa kamba, usinyamaze. Mwone msimamizi wa wadi siku hiyohiyo.

Si kila kijana aliye hapa atafika Ulaya, na wengi hawatafika. Lakini kila timu inaweza kurudi nyumbani leo na kufungua daftari, kuandika jina la kwanza, tarehe ya kuzaliwa na siku aliyoanza mazoezi. Hiyo ni kazi ya nambari sita. Hakuna atakayeishangilia, na bila hiyo hakuna mechi.