Mchezo Usio na Refa



Katika michezo mingi mtu huambiwa acheze kwa haki, kisha huwekewa mwenye filimbi wa kumchunga asidhulumu. Hapana ubaya katika utaratibu huo. Mpira wa miguu pasipo refa ungekwisha kwa ngumi kabla ya mapumziko. Lakini mazoea hayo yana madhara ambayo hayasemwi mara nyingi. Mchezaji hujifunza, polepole na bila kufundishwa na mtu, kwamba kosa si kosa mpaka filimbi ilie. Aliyeusukuma mpira kwa mkono, refa asione, husifiwa mtaani kuwa ni mjanja. Na tabia hiyo haibaki uwanjani. Humfuata mtu hadi ofisini, ambako daftari la mahudhurio hutiwa saa isiyo ya kweli kwa kuwa mkubwa hakuwapo. Humfuata hadi darasani, ambako utulivu hudumu muda ule ule ambao mwalimu yumo chumbani.

Ndiyo sababu yafaa kuutazama kwa makini mchezo mmoja wa vijana uitwao altimeti, ambao kwa kawaida huchezwa bila refa. Ajabu ni kwamba haukuzaliwa katika nchi yenye kuhubiri ujamaa, bali Marekani, tena katika maegesho ya magari ya shule.

Habari zake ni hizi. Mwaka 1968 mwanafunzi mmoja, Joel Silver, alirejea katika shule yake ya sekondari ya Columbia, katika mji wa Maplewood, jimbo la New Jersey, akiwa amejifunza kambini mchezo wa kurushiana kisahani cha plastiki. Kisahani hicho kilikuwa kikiuzwa na kampuni ya Wham-O tangu mwaka 1957, na watu wengi walikirusha ufukweni kwa kujiburudisha tu. Silver alilipeleka jambo hilo katika baraza la wanafunzi, kwa mzaha nusu na kwa dhati nusu. Kikundi cha baraza kikapambana na kikundi cha watoaji wa gazeti la shule. Timu hazikuwa na idadi maalumu. Watu ishirini au thelathini upande mmoja halikuwa jambo la kushangaza.

Kutokana na fujo hiyo ikatoka klabu. Silver na wenzake wawili, Buzzy Hellring na Jonny Hines, waliketi wakaandika kanuni, wakazijaribu, wakafuta zilizoshindwa, wakaandika tena. Mwanzoni mtu aliruhusiwa kutembea na kisahani mkononi; wakaona kwamba mwenye mbio atawanyima wenzake, wakalifuta hilo. Vijana walicheza usiku chini ya taa za maegesho. Walipopiga picha ya timu yao, aliyetajwa kuwa kocha mkuu alikuwa mfagiaji wa shule, na meneja alikuwa mlinzi. Huenda walifanya hivyo kwa kuwachekesha wakubwa. Hata hivyo si shule nyingi duniani, wakati ule au wakati huu, ambazo mfagiaji wake ametiwa katika picha ya heshima pamoja na wanafunzi.

Msimu wao wa kwanza wa kupambana na shule nyingine ulikuwa wa mwaka 1970. Mnamo mwezi Novemba waliikabili shule jirani ya Millburn, wakaishinda kwa 43 kwa 10. Ushindi mkubwa namna hiyo ungeweza kuua mchezo siku ile ile, maana nani hupenda kurudi uwanjani kupigwa tena? Lakini mwaka uliofuata palikuwa na umoja wa shule kadhaa za jimbo hilo zilizoshindana kwa ratiba. Columbia hawakuzificha kanuni zao wapate kuendelea kushinda; walizichapisha na kuzigawa. Wahitimu walipokwenda vyuoni walikwenda nazo. Tarehe 6 Novemba, 1972, chuo cha Rutgers kiliishinda Princeton 29 kwa 27, mahali pale pale ambapo vyuo hivyo viwili vilicheza mpira wa miguu wa Kimarekani kwa mara ya kwanza mwaka 1869, siku na mwezi ule ule. Kufikia hapo uwanja wa zamani ulikuwa umegeuka maegesho ya magari. Yaelekea mchezo huu una bahati na maegesho.

Kanuni zenyewe si ngumu. Uwanja una urefu wa meta 100 na upana wa meta 37, na kila mwisho wake hutengwa meta 18 za kufungia. Wachezaji ni saba kila upande, na kisahani cha mashindano kina uzito wa gramu 175. Aliyekidaka hana ruhusa ya kukimbia nacho. Husimama, akazungusha mguu mmoja, akatafuta mwenzake wa kumrushia. Mpinzani aliyemkabili humhesabia kwa sauti hadi kumi. Kumi ikifika kisahani hakijatoka mkononi, huwa cha upande wa pili. Hali kadhalika kikianguka chini. Anayekipokea ndani ya eneo la kufungia ameipatia timu yake pointi moja.

Basi utaona kwamba hesabu ya sekunde imo mikononi mwa mpinzani. Aweza kuiharakisha. Aweza pia kudai kwamba hakumgusa mtu ilhali amemgusa. Kanuni zinasema nini? Zinasema aliyeonewa na atamke, mchezo usimame, na aliyetuhumiwa ajibu. Akikubali, haki hutolewa hapo hapo. Akikataa, wazungumze kwa ufupi na kwa adabu. Wakishindwa kuafikiana, kisahani hurudishwa kwa yule aliyekirusha na mchezo huanza upya kutoka pale. Hapana adhabu, wala hapana mkubwa wa kukatiwa rufani.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa kujenga timu ya altimeti, na klabu yoyote ya mtaani huukuta katika msimu wake wa kwanza. Kurusha hujifunzwa kwa wiki chache: kwanza mtupo unaotoka upande wa pili wa kifua, ambao ni mwepesi, halafu ule wa kukunjua kiwiko na kifundo cha mkono, ambao huwatoa jasho wanaoanza. Mbio huja kwa mazoezi. Jambo lisilokuja upesi ni kijana wa miaka kumi na saba, mechi ikiwa 14 kwa 14 na mshindi ni wa 15, kusema mbele ya wenzake, "Kweli, nilimgusa." Wenzake humtazama kwa jicho kali. Nahodha akinyamaza siku hiyo, timu imekwisha jifunza kusema uongo, na mazoezi ya mwaka mzima hayatalifuta somo hilo.

Ubaya mwingine wa msimu wa kwanza ni mrushaji hodari. Kila klabu huwa naye mmoja, na wote humwangalia yeye. Kwa kuwa hawezi kukimbia na kisahani, na sekunde zake ni kumi tu, wapinzani wakisha kumjua humziba, na timu nzima husimama kama gari lililoishiwa mafuta. Klabu inayokua ni ile inayomlazimisha kutoa kisahani mapema kwa mdogo asiyeaminika, na kuvumilia kianguke mara kadhaa.

Katika mashindano ya shirikisho la dunia la mchezo huu, lililoundwa mwaka 1985, kila timu huipa mwenzake alama za uungwana baada ya mechi: kuzijua kanuni, kutogusana hovyo, kutokuwa na upendeleo, kujizuia hasira, na namna ya kuzungumza. Kila kifungu kina alama kuanzia 0 hadi 4. Kisha timu nyingi husimama duara moja, mchezaji huyu na mpinzani wake wakipeana mikono mabegani, manahodha wakasema wazi lililopendeza na lililoudhi.

Haifai kudanganyana kwamba utaratibu huo haukupata misukosuko. Katika mashindano makubwa ya Marekani wamewekwa waangalizi ambao huamua pale wachezaji wanaposhindwa kuafikiana. Na ligi ya kulipwa iliyoanza mwaka 2012, yenye tiketi za kuuza na watazamaji wasiopenda kungoja mazungumzo, iliweka marefa kamili wenye filimbi. Fedha ilipoingia, filimbi iliingia nayo. Ligi hiyo iliacha nafasi ndogo tu: mchezaji aruhusiwe kuutengua uamuzi wa refa kwa kukiri kosa lake mwenyewe. Na wengi wa wachezaji wake huzichezea pia klabu za miji yao, zenye msimu wa kiangazi wa mashindano ya mtaa, ya kanda, na ya taifa. Huko hakuna anayewapigia filimbi, na aliyegusa hungojewa aseme mwenyewe.